Nyumba Kuukuu ya Shamba na Bustani Yake ya Mboga

Katika nchi ya juu ya Kenya, kutoka Kinangop na Ol Kalou hata Molo na Uasin Gishu, zimesimama bado nyumba za kale zilizojengwa na walowezi wa Kizungu. Kuta zake ni za mawe au za mbao za mtarakwa, mapaa yake ni ya mabati, na sebule yake ina meko na dohani kwa ajili ya baridi. Mpango wa kuwagawia Waafrika mashamba hayo, ulioitwa Mpango wa Ekari Milioni, ulianza mwaka wa 1962, na katika muda wa miaka kama kumi yapata familia 35,000 zilipata makao. Shamba huweza kugawanywa vipande vipande, lakini nyumba haigawanyiki. Kwa hiyo katika baadhi ya sehemu nyumba ya mlowezi iliachwa pamoja na ekari kama 100 zilizoizunguka, na kipande hicho kikaitwa kipande cha Z.

Leo nyumba hizo zina wenyeji wapya: watoto na wajukuu wa wale walionunua, walimu waliopanga, watu waliorudi kutoka mjini baada ya kumaliza kazi zao. Somo hili ni kwa ajili yao. Tumechukua Kinangop kuwa mfano wetu, kwa kuwa baridi yake na udongo wake humjaribu mkulima kweli kweli. Hata hivyo msomaji wa Molo au wa Timau ataona kwamba mengi yanamhusu yeye pia.

Usishike jembe kwanza

Mgeni huingia nyumbani mwake kwa furaha, huona nyasi nzuri nyuma ya jikoni, na papo hapo humwambia mkewe, "Hapa ndipo tutakapopanda sukuma wiki." Huenda amechagua pahali pema, huenda pia amechagua pahali pabaya kuliko pote shambani. Kwa kutazama nyasi tu hawezi kujua. Ardhi iliyozunguka nyumba ya miaka themanini au zaidi imepokea vitu vingi: samadi, majivu, rangi ya kuta, mafuta ya trekta, dawa za ng'ombe. Baadhi ya vitu hivyo huipa ardhi nguvu. Vingine ni sumu isiyooza wala kuisha, ambayo mtoto huweza kuila katika mboga mwaka huu kama vile ambavyo angaliila miaka hamsini iliyopita.

Basi kazi ya juma la kwanza ni kuuliza na kutazama. Karibu kila shamba la namna hii lina jirani mzee ambaye yeye mwenyewe, au baba yake, alifanya kazi hapo zamani. Mwendee, umwamkie kwa heshima, ukae naye, na usiwe na haraka. Kisha umwombe mtembee pamoja na umwulize maneno matatu: "Baba, ng'ombe walikuwa wakilala wapi? Josho lilikuwa wapi? Na mwezi wa tano, mvua ikiwa nyingi, maji husimama wapi?" Mzee wa namna hii anajua mambo ambayo ramani ya shamba haionyeshi, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwuliza.

Josho la zamani

Jawabu la swali la pili ndilo lenye hatari, kwa hiyo tutakaa juu yake kidogo.

Homa ya ng'ombe iletwayo na kupe iliwaua ng'ombe wengi sana katika Afrika ya Mashariki, na wenye mashamba waliizuia kwa kuwaogesha ng'ombe katika josho. Kwa miaka mingi, kabla ya dawa mpya kuja baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa iliyotiwa katika josho ilikuwa aseniki. Aseniki ni sumu kali. Si kama samadi, ambayo vijidudu vya udongo huila na kuigeuza. Ni kitu cha asili kama chuma kilivyo, nayo hukaa pale ilipomwagika. Dawa nyingine zilizofuata pia zilikuwa na sumu ya kudumu kwa muda mrefu.

Si shimo la josho peke yake lenye hatari. Ng'ombe alipotoka katika maji alisimamishwa katika zizi dogo lenye sakafu ya mawe au saruji ili dawa ichuruzike kutoka mwilini mwake. Na josho lilipojaa matope, matope hayo yalizolewa na kutupwa karibu, mara nyingi upande wa bondeni. Kwa hiyo pana pahali patatu: shimo lenyewe, zizi la kuchuruzia, na pale palipotupwa matope. Mwambie mzee akuonyeshe pote patatu. Ikiwa hajui, tafuta kijia chembamba cha saruji chenye kuta mbili, kilichofunikwa na majani, ambacho huteremka ndani ya shimo na kupanda upande wa pili. Huenda utaona pia kipande cha ardhi ambacho hakioti kitu.

Usipande mboga hapo, wala upande wa chini ambako maji ya mvua hutelemkia. Usichimbe kisima hapo. Usilitumie shimo kuwa tangi la maji hata kama saruji yake ni nzima. Nimesikia watu wakilisifu wazo hilo, na ni wazo baya. Zungushia ua, watoto wasicheze humo, na upande miti tu. Kuosha mboga hakutoshi, maana kuosha huondoa udongo ulioshika majani, lakini hakuondoi kile ambacho mmea umekinywa kwa mizizi yake.

Rangi, majivu na mabati

Sumu ya pili iko katika nyumba yenyewe. Rangi za mafuta za zamani, zilizopakwa madirisha, milango na mbao za nje, mara nyingi zilitiwa risasi, yaani ile madini laini na nzito, ili zing'ae na zidumu. Baada ya miaka mingi rangi hubanduka, huanguka chini kama magamba ya samaki, na kuchanganyika na udongo ulio chini ya ukuta. Pale ndipo watu hupenda kuweka kitalu cha miche, kwa kuwa ukuta hukinga upepo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Mtoto mdogo huumia zaidi kuliko mtu mzima, kwa maana hutia mikono kinywani, na risasi hudhuru akili yake ingali ikikua. Dhara hilo haliponi.

Basi acha nafasi ya hatua kadhaa kati ya ukuta na bustani, na nafasi hiyo uipande nyasi au maua. Ukitaka kuikwangua rangi kuukuu, ilowanishe maji kwanza ili vumbi lisiruke, tandaza turubai chini, na watoto wawe mbali. Usiisugue kwa msasa ikiwa kavu, wala usiichome moto.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Nyumba ikitengenezwa, mbao zilizooza hung'olewa, na mama wa nyumba, ambaye hapendi kitu kipotee, huzitia jikoni kuwa kuni. Moshi wake una risasi. Majivu yake yana risasi zaidi. Kisha majivu yale hupelekwa bustanini, kwa kuwa sote tumefundishwa kwamba majivu ni mbolea nzuri, na ni kweli kwamba majivu ya kuni safi ni mbolea nzuri. Hivyo sumu iliyokuwa ukutani hupelekwa kwa ndoo mpaka katikati ya kabichi. Mbao zenye rangi, na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, zisichomwe kamwe.

Tazama paa pia. Mabati ya chuma hayana neno, hata yakiwa na kutu. Lakini ikiwa paa la nyumba au la ghala ni la vigae vya kijivu vyenye mawimbi na vyenye sura ya saruji, huenda ni asbesto. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2006 kuhusu taka ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Usiipasue, usiitoboe, usiikate kwa msumeno, wala usivichukue vipande vyake kuwa kingo za matuta. Vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta ugonjwa baada ya miaka mingi.

Na kwa kuwa tumo ndani ya nyumba, neno moja juu ya baridi. Usiku wa Kinangop ni mkali, na dohani ya zamani mara nyingi imezibwa na viota vya ndege au nyuki. Mwenyeji akiona moshi unarudi sebuleni huacha meko, huleta jiko la makaa chumbani, na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima huweza kulala wasiamke. Dohani isafishwe kabla ya baridi ya mwezi wa saba, na jiko la makaa lilale nje.

Kuchagua pahali pa bustani

Sasa turudi kwenye jawabu la kwanza la mzee, maana lina habari njema. Pahali palipokuwa boma la ng'ombe kwa miaka mingi, mbali na josho, ni hazina. Samadi ya miaka imeingia chini, na udongo wake ni mweusi na mwepesi kuliko ule wa pembeni. Dalili yake ni kiwavi, mmea ule uwashao ambao Wakikuyu huuita thabai. Hupenda sana ardhi iliyolishwa samadi. Mgeni huufyeka kwa hasira, lakini majani yake machanga yakichumwa kwa uangalifu na kupikwa hayawashi tena, na ni mboga nzuri. Kwa hiyo huenda mboga ya kwanza ya bustani yako imekwisha kuota kabla hujafika.

Jawabu la tatu, juu ya maji, latuleta kwenye udongo wa Kinangop. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina udongo wa juu usio na kina kirefu, na chini yake tabaka gumu la mfinyanzi lisilopitisha maji. Katika masika maji hushuka, hukuta mfinyanzi, husimama, na mizizi huoza. Fanya jaribio hili: chimba shimo lenye kina cha mkono mzima, ulijaze maji jioni, na ulitazame asubuhi. Ikiwa maji yangali yamesimama, ni lazima kuinua matuta na kuchimba mtaro upande wa juu wa bustani ili kuyageuza maji ya mvua. Tuta liwe na upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga, na liinuliwe kiasi cha sentimita 25. Unapolima usiupindue mfinyanzi ukauleta juu. Uache ulipo, na uongeze samadi iliyooza na mboji juu yake.

Mwisho, fikiri juu ya sakitu, yaani umande ulioganda. Uwanda huu uko juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na katika usiku mkavu usio na mawingu, hasa mwezi wa kwanza na wa pili, viazi vizuri vya jioni huweza kuwa vyeusi asubuhi kana kwamba vimepitiwa na moto. Hewa baridi ni nzito. Huteremka kama maji na kukusanyika mabondeni. Ua mnene wa misaipresi ulioko upande wa chini huizuia isipite, nayo hujaa bustanini kama maji yajazavyo bwawa. Kwa hiyo chagua mteremko mdogo, na ua wa upande wa chini uwe na pengo. Uepuke vilevile mikaratusi ya zamani iliyopandwa karibu na nyumba, kwa sababu mizizi yake huenda mbali na kunywa maji yote.

Ukiwa na shaka juu ya udongo, mwendee Bwana Shamba wa kaunti. Kazi ya kilimo imekuwa chini ya serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013. Atakuonyesha jinsi ya kuchukua udongo kidogo kidogo kutoka pahali pengi na kuupeleka kwenye maabara kupimwa, kama ile ya taasisi ya utafiti wa kilimo huko Kabete. Mweleze waziwazi kwamba palikuwa na josho au rangi kuukuu, kwa maana upimaji wa kawaida hutafuta chumvi za kulisha mmea na ukali wa udongo, bali hautafuti aseniki wala risasi usipoombwa.

Maji ya paa

Paa kubwa la nyumba ya zamani ni mali. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10 ina mita za mraba 120; mvua moja ya milimita 20 huipa lita 2,400. Tutoe sehemu ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka na kupotea, zabaki lita 1,900 na zaidi, kwa mvua ya alasiri moja tu.

Sasa tazama haja. Matuta matatu ya urefu wa mita 10 ni mita za mraba 36. Katika kiangazi kila mita yahitaji kama lita 4 kwa siku, yaani kama lita 150 kwa matuta yote. Tangi la lita 5,000 latosha mwezi mmoja, na kiangazi cha mwanzo wa mwaka ni cha miezi miwili. Mwenye fedha za tangi moja asilime matuta matatu. Alime moja na nusu, alimwagilie vizuri, na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Milizamu, ambayo wengi huiita magata, isafishwe kabla ya mvua, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite. Paa likiwa na rangi kuukuu inayobanduka, maji yake yasinywewe wala kumwagiwa mboga mpaka paa litengenezwe.

Mazao ya kwanza

Anza na mboga zinazostahimili baridi: sukuma wiki, kabichi, karoti, vitunguu na njegere. Tuta moja la mita 10 huchukua mistari miwili ya sukuma wiki, miche arobaini na kitu, ikiwa nafasi ya mche na mche ni sentimita 45. Ukichuma majani mawili au matatu kwa kila mche kila juma, watu sita watapata kitoweo mara tatu kwa juma. Katika baridi hii usitarajie kuchuma kabla ya miezi miwili au mitatu tangu kupandikiza, kwa hiyo panda karoti siku ileile, na uwe na akiba ya maharagwe makavu ya kungojea. Karoti hazitaki samadi mbichi. Ukiwapa watu wako karoti zenye miguu mitatu watajua ulichofanya.

Viazi ni habari nyingine. Karibu kila shamba la Kinangop limepandwa viazi kwa miaka mingi, na ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni. Kabla ya kupanda mbegu yako, tazama viazi vinavyojiotea vyenyewe katika ardhi hiyo. Ukiona mmea umenyauka ungali kijani, kata shina lake karibu na ardhi, ulitie ndani ya gilasi ya maji safi, na ungoje dakika chache. Ikiwa nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko. Hapo usipande viazi, wala nyanya, wala biringani, wala mnavu, kwa kuwa zote ni jamaa moja na zote huushika. Ng'oa mimea ile uichome, usiitie katika mboji, na uoshe jembe lako kabla ya kuingia tuta jingine. Pahali hapo panda kabichi, karoti, vitunguu au njegere kwa misimu kadhaa, na usiache kiazi hata kimoja cha zamani kikaota katikati yao.

Mbegu za kitalu zisiwe nyingi kupita kiasi. Pakiti moja ndogo ya kabichi ina mbegu za kutosha nyumba tatu, na jirani yako mzee, aliyekuonyesha josho, atafurahi kupokea miche hamsini ya kabichi mwezi wa nne, mvua zinapoanza.